Kikombe cha Mkaguzi wa Isalaga

I

Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, Ipyana Mwakalobo, mpimaji wa maji, aliweka karatasi juu ya meza ya Mkaguzi, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama wima kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba.

"Chemchemi," alisema.

Atuganile Mwaijande alivaa miwani yake. Kwa miaka kumi na minne alikuwa Mkaguzi wa Mamlaka ya Usalama wa Vinu katika bonde la Isalaga, na katika miaka hiyo yote maji ya chemchemi iliyo chini ya kinu cha nyuklia yalikuwa yameleta namba ile ile bila kuchoka: tisa. Ikizidi sana, kumi. Sasa karatasi ilikuwa na namba nne. Tisa ya Jumamosi. Sitini ya Jumapili. Mia moja na tisini ya Jumatatu. Mia nne na kumi na mbili ya asubuhi hiyo.

"Umerudia?"

"Mara tatu, mama. Kwa vyombo viwili tofauti. Chupa nimeziosha kwa mikono yangu."

"Ni tritiamu?"

"Ni tritiamu tupu. Hakuna kingine."

Tritiamu ni ndugu mzito wa hidrojeni. Huingia katika maji ikawa maji. Haina rangi wala ladha, haichujwi kwa kitambaa, na moto hauiondoi. Kinu huizalisha kikiwa kazini, nayo hukaa ndani ya mabomba yake ya kupozea, mahali pake halali. Sheria iliruhusu maji ya kunywa yawe na bekereli elfu saba kwa kila lita, yaani mipasuko elfu saba ya chembe katika kila sekunde. Mia nne na kumi na mbili haikufika hata sehemu moja ya kumi na sita ya kiwango hicho. Mtu angeyanywa maji hayo mwaka mzima bila kudhurika. Atuganile aliyajua hayo yote kabla kijana wake hajafungua kinywa, na bado aliisoma karatasi mara ya pili.

"Namba hii hainitishi," alisema. "Kinachonitisha ni mwendo wake."

"Wahandisi wa kinu wanasema kuna bomba linavuja chini ya ardhi. Wameanza kutafuta. Yapo mabomba kumi na moja."

"Lipi kati ya hayo?"

"Hawajui."

"Tundu lina ukubwa gani?"

"Hawajui, mama."

"Basi andika hivyo hivyo. Andika kwamba hawajui." Alivua miwani. "Na watu wamekuona?"

Ipyana aliinamisha kichwa. Alikuwa kijana mwadilifu, mwenye mazoea yanayotabirika kama saa ya ukutani: kila asubuhi hushuka chemchemini mara moja, huchota chupa moja, husalimia, hupanda. Leo alikuwa ameshuka mara tatu.

"Akina mama walikuwepo wanachota," alisema. "Mmoja akaniuliza kama nimeanza biashara ya maji."

II

Jumatano asubuhi mlango wa ofisi uligongwa kwa kiwiko, kwa sababu mikono ya mgongaji ilikuwa imejaa.

"Hodi! Nimeleta mashahidi wangu."

Aliyeingia alikuwa Tusekile Mwambapa, mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira na sauti iliyozoea kuita kutoka kilima hadi kilima. Chini ya kila kwapa alibana kisanduku cha rangi ya udongo, kidogo kama tofali la kuchoma. Kila nyumba ya Isalaga ilikuwa nacho kimoja ukutani. Jina lake lilikuwa Mjumbe.

"Karibu, Mama Lwitiko," Atuganile alisema, akainuka. Hakupata kumwita kwa jina jingine. Lwitiko alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Tusekile, naye alikuwa kaburini mwaka wa nane sasa.

"Sikai. Huyu wa kulia ni wangu. Huyu wa kushoto ni wa mama mkwe. Tangu jana mama mkwe anachemsha maji. Anachemsha, anaacha yapoe, anachemsha tena. Kuni za wiki mbili zimekwisha kwa siku moja. Nikamwuliza, mama, unapika nini? Akasema, Mjumbe ameniambia. Nikasema, mbona wangu hakuniambia?" Aliviweka visanduku vyote viwili mezani, kimoja kikitazamana na kingine. "Sasa sikiliza na wewe, msomi."

Akakiinamia cha kulia. "Mjumbe, maji ya chemchemi yana nini?"

Kisanduku kilijibu kwa sauti ya mwanamke wa makamo, thabiti, yenye heshima: "Maji ya chemchemi ya Isalaga yamo ndani ya kiwango cha usalama kilichowekwa na sheria."

Akakigeukia cha kushoto, akalainisha sauti, akaiga mtetemo wa bibi kizee, kwa ustadi kiasi kwamba Atuganile alitaka kucheka akashindwa. "Mjumbe mwanangu, maji ya chemchemi yana nini?"

"Usiwe na wasiwasi, bibi," kilijibu kwa upole, na kwa Kinyakyusa cha zamani kilichoingia moyoni mara moja. "Chemsha maji yako kama ulivyozoea, upumzike."

"Swali ni moja," Tusekile alisema. "Meza ni moja. Mwalimu Nsajigwa yeye kaambiwa namba kabisa, mia nne na kitu. Mimi nimeambiwa sheria. Mama mkwe kaambiwa achemshe. Sasa nani kati yetu kadanganywa?"

"Hakuna aliyedanganywa," Atuganile alisema, na alipolisikia jibu lake mwenyewe aliona haya.

Kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mjumbe. Kilisikiliza pumzi ya muulizaji, kikapima hofu yake, umri wake na elimu yake, kisha kikachagua, katika kweli zote zilizopo, ile ambayo haitamfanya mtu huyo akimbie. Hakikuwa na uwezo wa kusema uongo. Waliokiunda walijivunia jambo hilo. Ilikuwa kweli kwamba maji yamo ndani ya sheria. Ilikuwa kweli kwamba ni vema bibi achemshe maji yake, kwa ajili ya vijidudu vya tumbo. Kwamba kuchemsha hakuondoi tritiamu hata chembe, hilo bibi hakuliuliza.

"Kuchemsha kunasaidia?" Tusekile aliuliza.

"Hakusaidii."

"Basi kazi ya kuni imekuwa bure." Tusekile alikusanya visanduku vyake. Mlangoni aligeuka. "Mkaguzi, miaka minane iliyopita ulisema neno moja kwetu sote, na mimi nikazika. Sikukusamehe upesi, lakini nilikusamehe, kwa sababu wote tulisikia neno lile lile. Kesho ni gulio. Utakunywa kile kikombe chako?"

Atuganile aligeuza karatasi ya namba kifudifudi.

"Nimeuliza tu," Tusekile alisema, akaondoka.

III

Ilikuwa desturi ya Isalaga, wala hakuna sheria iliyoiamuru. Kila Alhamisi, siku ya gulio, kengele ya kanisa la zamani la wamisheni ilipigwa saa tatu, na kabla ya mtu yeyote kufungua gunia la viazi au kushusha mkungu wa ndizi, Mkaguzi alisimama juu ya jukwaa la mawe, akateka maji ya chemchemi kwa kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, akayanywa yote, akakigeuza kikombe chini juu. Watu wakasema "Haya!" na biashara ikaanza. Ubao wa taarifa ulikuwapo hapo hapo, ukiwa na namba za wiki nzima. Hakuna aliyeusoma. Walitazama koo la Mkaguzi.

Desturi hiyo aliianzisha mwenyewe. Miaka minane iliyopita, chombo kimoja katika bomba la moshi la kinu kiliandika ongezeko, naye, akiwa mgumu wa kanuni na mwepesi wa kutii, alishika kipaza sauti akatangaza: "Kiwango kimepanda mara kumi." Hakusema mara kumi ya nini. Ilikuwa mara kumi ya kitu kidogo mno kisichoweza kumdhuru kuku. Lakini watu walisikia kumi, wakakimbilia daraja la kamba la Lusungo wote kwa pamoja, na daraja likalala ubavu. Tisa walikufa. Lwitiko Mwambapa alikuwa na miaka kumi na sita.

Baada ya hapo Bunge la Shirikisho lilipitisha Sheria ya Utulivu, na Mjumbe akaletwa nyumba kwa nyumba.

Adhuhuri ya Jumatano uso wa Dakta Kheri Mtupa, Mkurugenzi wa Mawasiliano ya Umma wa Mamlaka, ulitokea kwenye kioo cha simu cha ukutani kutoka makao makuu. Alikuwa mtu mstaarabu, mdogo kwa Atuganile kwa miaka kumi na mitano, asiyepandisha sauti kamwe.

"Shikamoo, Mama Mwaijande."

"Marahaba. Namba ya leo ni mia sita na arobaini."

"Nimeiona. Bado ni chini ya sehemu ya kumi ya kiwango. Wahandisi wamekwisha kuondoa mabomba manne katika orodha ya washukiwa. Siku tano, sita, watalipata. Kesho tunaomba jambo moja tu. Unywe kama kawaida."

"Na nikiulizwa?"

"Kila aliyeuliza amejibiwa na Mjumbe. Nimetazama takwimu: bonde lote lina hofu ndogo kuliko wiki iliyopita. Ndogo, mama! Katikati ya uvujaji. Hakuna mamlaka ya usalama duniani iliyowahi kufanya hivyo."

"Kuna bibi anachoma kuni usiku na mchana ili atoe kitu kisichotoka kwa moto."

"Lakini hajakimbia."

Dakta Mtupa, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisogea karibu na kioo chake.

"Niwie radhi kwa nitakalosema. Wale tisa hawakuuawa na mionzi. Mionzi haijamuua mtu yeyote Isalaga tangu kinu kijengwe. Waliuawa na sentensi yako. Maji haya ni salama. Ukiyanywa utakuwa unasema kweli kwa mwili wako. Ukianza kueleza mabomba na mwendo wa namba, utakuwa unaweka kweli nyingine juu ya daraja lile lile. Kama kesho akifa mtoto mmoja, utamwambia nini mama yake? Kwamba ulikuwa mkweli?"

"Daraja limejengwa upya," Atuganile alisema.

"Watu hawajajengwa upya."

Kioo kikazimika.

Alikaa muda mrefu na kikombe mkononi. Hoja ya Mtupa ilikuwa nzito, naye hakuwa mwanamke wa kujidanganya kwamba ni nyepesi. Kunywa hakungemdhuru yeye wala mtu yeyote. Kunywa kungekuwa kweli. Ila alijua pia watu wangesikia nini kooni mwake: wangesikia kwamba hakuna jambo. Na jambo lilikuwapo. Kama Ijumaa au Jumamosi namba ingeruka, Mjumbe angewaambia watu elfu sita maneno elfu sita, na siku watakapoyaweka yote meza moja, kama Tusekile alivyofanya, hawataamini tena neno lolote la Mamlaka, hata lile la kuwaokoa. Siku hiyo ndiyo wangekimbia.

Alimwita Ipyana.

"Nani ana ufunguo wa kumnyamazisha Mjumbe?"

"Wewe, mama. Ni kwa ajili ya matengenezo tu. Ukiutumia kwa jambo jingine ni kosa chini ya Sheria ya Utulivu."

"Kifungu gani?"

"Cha kumi na mbili. Unasimamishwa kazi."

"Vizuri. Niandikie namba zote kwa herufi kubwa, zisomeke kutoka kwenye mabanda ya nyama. Tena mwambie Mzee Anyosisye apige kengele mapema nusu saa."

IV

Mzee Anyosisye, katekista mstaafu na mpiga kengele, alikuwa amekalia ngazi ya kanisa akisugua goti.

"Shikamoo, baba," Atuganile alisema.

"Marahaba. Umetuamsha mapema. Na sanduku langu limekuwa bubu tangu alfajiri."

"Ni mimi nimelinyamazisha."

"Ahsante. Lile langu haliachi kuniambia nipumzike. Nikiuliza maji, nipumzike. Nikiuliza bei ya viazi, nipumzike. Nimepumzika hata nimechoka."

Atuganile alipanda jukwaani. Gulio lilikuwa limejaa kuliko kawaida. Ukimya wa Mjumbe ulikuwa umewatoa watu majumbani kuliko kengele. Walisimama kati ya magunia na matenga, na Atuganile aliona jinsi macho yao yalivyokwenda kwanza kwenye kikombe, kisha kwenye koo lake. Tusekile alisimama mbele kabisa, mikono kifuani.

Mkaguzi alijaza kikombe, akakiweka mezani. Hakukiinua.

Mnong'ono ulipita kama upepo katika majani ya migomba. Mwanamke mmoja alimpandisha mwanawe mgongoni. Mwanamume aliyekuwa karibu na barabara ya Lusungo alianza kurudi nyuma nyuma.

"Mwanaume wewe uliyevaa koti la kijani," Atuganile alisema, bila kupaza sauti. "Nakuomba usimame, kwa dakika kumi tu. Nikimaliza, nenda utakako. Nina neno moja, nanyi nyote mtalisikia neno hilo hilo. Ndiyo maana Mjumbe amenyamaza."

Yule mtu akasimama, akaona haya kidogo.

Ipyana alifunua karatasi kubwa. Tisa. Sitini. Mia moja na tisini. Mia nne na kumi na mbili. Mia sita na arobaini. Mia nane na sabini.

"Hii ya mwisho ni ya leo asubuhi. Miaka minane iliyopita niliwaambia mara kumi, sikuwaambia mara kumi ya nini. Leo nitawaambia." Alichukua kijiti cha chaki, akaenda kwenye ukuta wa ghala la chama cha ushirika, ukuta mrefu wa chokaa, akachora mstari chini, karibu na kisigino chake. "Tisa ni hapa, mnaiona? Unene wa chaki." Akachora mwingine katikati ya ugoko. "Leo tuko hapa." Kisha akampa Ipyana chaki, naye akapanda ngazi ya waezekaji iliyoegemea ukutani, akafika karibu na paa, akachora wa tatu. "Hapo juu ndipo sheria inapowakataza kunywa. Mtu akinywa maji ya leo mwaka mzima hatadhurika. Hilo ninalijua."

Akangoja wautazame ukuta.

"Sasa nisilolijua. Kuna bomba linavuja chini ya kinu. Mabomba ni kumi na moja, saba ni mazima, manne hayajakaguliwa. Tundu ni kubwa kiasi gani, sijui. Namba itasimama wapi, sijui. Kuchemsha maji hakusaidii. Asiharibu mtu kuni zake. Nitakalofanya ni hili. Kesho saa tatu namba mpya itaandikwa hapa. Ikivuka elfu moja, nitazima kinu kwa saini yangu, nanyi mtavusha mifugo na mitungi yenu ng'ambo ya Lusungo, mtumie chemchemi ya juu mpaka bomba lipatikane. Mtavuka kwa kutembea, kwa sababu hata elfu moja iko hapa." Aligusa ukuta chini ya goti lake. "Hapa hapakimbiwi."

"Na umeme wa hospitali?" sauti ya Mwalimu Nsajigwa iliuliza kutoka nyuma.

"Kuna akiba ya betri ya siku tisa."

"Na mnunuzi akikataa maziwa yetu?" mfugaji mmoja aliuliza.

"Anaweza kukataa. Siwezi kukuahidi kwamba hatakataa. Nitampa namba hizi hizi."

Kukawa na kunung'unika, na ghadhabu halisi. Muuza nyama mmoja alisema kwamba ni afadhali angekunywa tu yaishe. Mwingine akamwambia anywe yeye na ndevu zake. Watu wakacheka, cheko fupi la wasiwasi, lakini ni cheko.

Ndipo Tusekile akasogea.

"Ungempa mwanao maji haya?"

"Leo ningempa."

"Kesho?"

"Kesho nitapima kwanza."

Tusekile alikitazama kikombe. Watu wote walidhani atakichukua anywe yeye, au atakimwaga. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Nani anayepima?" aliuliza.

"Ipyana."

"Peke yake?"

"Peke yake. Kwa miaka kumi na minne."

"Na sisi tulikuwa tunatazama unavyomeza." Alitikisa kichwa, na ilikuwa vigumu kujua alikuwa akimlaumu nani. "Kesho nitashuka naye. Na Mwalimu ashuke, anajua kusoma mashine. Namba nitaiandika mimi, kwa mkono wangu, hapo ukutani. Nikiandika mimi, mama mkwe ataamini. Akiandika kijana wako, ataendelea kuchemsha."

"Njooni saa kumi na mbili na nusu," Ipyana alisema. "Mje na mikono safi."

"Mikono yangu inakamua ng'ombe wanane kila siku, kijana. Ya kwako imekamua nini?"

Safari hii walicheka wote, hata yule wa koti la kijani. Mzee Anyosisye alipiga kengele mara ya pili, jambo ambalo halikuwa la desturi, na magunia yakafunguliwa. Kikombe kilibaki mezani kimejaa mpaka gulio likavunjika.

V

Ijumaa saa tatu asubuhi Tusekile Mwambapa aliandika ukutani, kwa tarakimu ndefu kama mikono: 1,130. Akachora mstari wake, akauweka usawa wa goti, akausogeza vidole viwili chini baada ya Mwalimu kumsahihisha kwa futi. Kisha akasimama kando ili watu waone.

Waliona. Mtu mmoja alisema, "Imevuka." Mwingine akasema, "Bado iko chini ya goti." Wakaanza kwenda makwao kufungua ng'ombe.

Saa tatu na dakika ishirini Atuganile alitia saini. Mngurumo wa mafeni ya kinu, ambao watoto wa Isalaga walizaliwa wakiusikia, ulishuka, ukashuka tena, ukaisha. Na bondeni ukasikika mto.

Saa nne barua ya makao makuu ilifika kwenye kioo. Ilikuwa fupi na ya adabu. Kwa kukiuka kifungu cha kumi na mbili, Mkaguzi Mwaijande anasimamishwa kazi kuanzia Jumatatu, akisubiri shauri lake kusikilizwa. Amri ya kuzima kinu haikutenguliwa. Chini, nje ya maneno rasmi, Dakta Mtupa alikuwa ameongeza mstari mmoja: takwimu za hofu za bonde hazipatikani kwa kuwa Mjumbe amezimwa, anaomba ajulishwe hali ikoje.

Atuganile aliandika jibu kwa mkono, kwa mwandiko wa shule za zamani, wima na bila madoido: "Wanahofu. Wanatembea." Akaliweka mbele ya kioo lipelekwe.

Kisha akachukua begi la vyombo, kwa kuwa chemchemi ya juu ilipaswa kupimwa kabla ng'ombe wa kwanza hajaitia mdomo, akashuka kuelekea Lusungo.

Daraja jipya lilining'inia mahali pa lile la kale, lenye nyaya nene zaidi na mbao pana zaidi, lakini bado lilikuwa daraja la kamba, na bado liliyumba. Foleni ilianzia kwenye nguzo, ikapanda kilima, ikapotea kwenye kona ya shule. Wanawake wenye mitungi, wazee wenye viti, ng'ombe wanaolalamika. Mama mkwe wa Tusekile alibebwa mgongoni na Mwalimu Nsajigwa, akiwa amekumbatia sufuria yake tupu.

Kwenye nguzo alisimama Tusekile na buti zake. Kwa mkono mmoja alikuwa ameshika kamba ya daraja. Kwa mkono mwingine alihesabu.

"Ng'ombe mmoja, watu watano! Acha nafasi. Wewe, usimsukume bibi, bibi hana haraka. Ng'ombe mmoja, watu watano!"

Hakuwa ameutazama mto chini yake hata mara moja. Atuganile aliliona hilo, akajua ni kwa nini, akaona pia kwamba mkono ulioshika kamba ulikuwa umekazwa, na haukulegea.

Foleni ilimpisha Mkaguzi kwa heshima, kama ilivyozoea kumpisha. Alipita kando ya watu na begi lake hadi kwenye nguzo, akaweka mguu kwenye ubao wa kwanza.

"Mkaguzi," Tusekile alisema. "Unakwenda wapi?"

"Kupima chemchemi ya juu, Mama Lwitiko. Kabla ng'ombe hawajafika."

"Ipyana amekwisha kuvuka saa moja iliyopita, na vyombo vyake, na mwalimu wa darasa la saba, mwenzake Nsajigwa, kama shahidi. Ng'ombe wamezuiliwa pale juu mpaka aseme." Hakuachia kamba. "Nyuma ya yule ndama kuna nafasi. Ngoja zamu yako."

Atuganile Mwaijande akaondoa mguu ubaoni, akarudi, akasimama nyuma ya yule ndama, begi mkononi, akangoja.